Utupa kwenye mashamba tuliyoazima
(Maneno yaliyosomwa kwenye mkutano wa wanamemba)



Wengi wetu tulivuka ziwa toka Kigoma mwaka 2005 na miaka iliyofuata, tukashuka Baraka na mizigo kichwani. Mashamba ya wazazi tuliyakuta yana watu, ao yamechoka. Leo tunalima kwa kuazima. Tukivuna maharagi tunayauza haraka kwa bei ya chini, juu tunaogopa wadudu watayatoboa. Kisha mwezi wa tisa tunanunua mbegu kwa bei kali. Njaa yetu inaanzia hapo.

Ndiyo maana leo tunasema juu ya utupa. Ni kichaka cha jamaa moja na maharagi, kinapita kimo cha mtu, maua yake meupe ao ya zambarau, maganda yake yana manyoya. Kwenye mizizi mna vifundo vidogo, na vijidudu vilivyomo vinachukua naitrojeni ya hewa na kuutajirisha udongo. Majani yana sumu ya wadudu.

Kupanda ni hivi. Chuma maganda yakikauka, kabla hayajapasuka. Lowesha mbegu usiku mmoja, maana ganda lake ni gumu. Mvua ikishika, weka mbegu mbili ama tatu kwa shimo, kina cha sentimeta mbili tu. Miezi ya kwanza utupa unakua polepole, kwa hiyo palilia, usimezwe na majani. Baadaye kata matawi, uyalaze shambani yaoze. Hapana kuufuatisha na nyanya: minyoo ya mizizi inayoharibu nyanya inaishi pia kwenye utupa.

Kwa maharagi ya mbegu, kausha majani kivulini, twanga, changanya mpaka kila punje iguswe na unga. Kwa wadudu wa shambani, loweka kilo moja ya unga kwa litre 10 za maji na sabuni kidogo, lala nayo, chuja, nyunyiza jioni, kwani jua linaua nguvu yake. Funga kitambaa puani, nawa mikono. Maharagi yaliyotiwa unga ni ya kupanda, si ya chungu. Majani msiwape mbuzi.

Sasa neno zito. Utupa unaua samaki, wakubwa kwa watoto wao. Tunakiri mbele yenu: vijana wa kwetu walipondaponda majani wakamwaga mtoni, mto ambao watu wanateka maji ya kunywa. Wavuvi walitujia na hasira, na walikuwa na haki. Tulilipa faini, lakini jina letu bado halijasafika. Tangu leo, atakayepewa mbegu ataahidi mbele ya komite kwamba hataupeleka mtoni wala ziwani, na hataosha vyombo vyake humo.

Neno la pili ni ardhi. Utupa unakaa miaka miwili ama mitatu. Mwenye shamba akiona kichaka kama hicho, atasema tunataka kumnyang'anya. Familia moja yetu ilifukuzwa kabla ya kuvuna mihogo yake, juu walipanda bila kuuliza. Basi, ombeni kwanza. Andikeni karatasi, mashahidi wawili, mzee wa kijiji akiwepo: vichaka hivi ni mbolea, si dai la shamba. Asipokubali, panda uani kwako, kando ya choo ama njia.

Wafadhili wetu, hatuombi dawa za dukani. Tunaomba mapipa ya kufunga vizuri na vitambaa vya pua, mengine tutafanya wenyewe.

Mbegu tutagawa kabla ya mvua ya mwezi wa tisa. Anayepewa kikombe kimoja atarudisha viwili, apewe mwingine. Ndivyo tulivyosaidiana kambini, ndivyo tutakavyokaa hapa.