Meno ya Kahawia

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze juu ya kazi yangu, yaani uchunguzi wa sumu zinazomwingia binadamu kutoka katika mazingira yake na mahali pake pa kazi, nilikusudia kusema habari za dawa za kupuliza vitunguu kule Mang'ola, au zebaki ya wachimbaji dhahabu wa Geita. Hayo ni mambo makubwa, na wapo wenzangu wanaoyafahamu kuliko mimi. Lakini jana jioni nilipokuwa nikipita karibu na bweni letu la zamani, kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza aliniamkia huku ameziba mdomo kwa kiganja. Nikamwuliza, "Kwenu wapi, mwanangu?" Akajibu kutoka nyuma ya kiganja, "Yaeda Chini." Basi nikabadili hotuba usiku uleule.

Mimi nami ni mtu wa Yaeda Chini. Wale tuliolala bweni moja mnalikumbuka jina mlilonipa: Kutu. (Kicheko.) Chekeni tu, ndugu zangu, nimekwisha kuwasamehe, na wengine wenu sasa hamna hata hayo meno ya kahawia ya kuonyesha. Ila kuna jambo ambalo sikuwaambieni wakati ule. Kila Ijumaa tulikaguliwa kucha, nywele na meno. Mwalimu mmoja, ambaye sitamtaja, aliamini kwa moyo safi kabisa kwamba mtoto mwenye meno ya kahawia ni mtoto asiyepiga mswaki. Nilichapwa viboko kwa ajili ya meno yangu mara nyingi kuliko kwa ajili ya hesabu, na hesabu mnajua nilivyokuwa. Usiku wa Alhamisi nilikuwa nikienda nyuma ya jiko na mkaa uliosagwa pamoja na mchanga, nikasugua mpaka ufizi ukatoka damu. Asubuhi meno yalikuwa yaleyale.

Hayakuweza kuwa vingine. Rangi ile haiko juu ya jino, imo ndani yake. Gamba gumu la jino hujengwa likiwa bado limefichwa ndani ya ufizi, tangu utotoni mpaka umri wa miaka minane hivi. Ikiwa katika miaka hiyo mtoto anakunywa maji yenye madini mengi ya floraidi, gamba lile hujengeka vibaya, likabaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Jino huchomoza likiwa na mabaka meupe kama chaki, kisha vitundu vikanywa rangi, likawa la njano, halafu la kahawia. Likizidi, humeguka. Kwa hiyo mimi nilipofika hapa nikiwa na miaka kumi na minne, meno yangu yalikuwa yamekwisha kuhukumiwa miaka mingi kabla, na hakuna mswaki wala kiboko ambacho kingebadili hukumu ile.

Tusidhani ni sisi tu tuliodhania vibaya. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifungua kazi katika mji wa Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Wenyeji walikuwa na maelezo yao: wengine walisema ni nyama ya nguruwe, wengine maziwa mabaya. McKay alihangaika na jambo hilo miaka thelathini. Kule Oakley, katika jimbo la Idaho, wazazi walimwambia kwamba mabaka yalianza baada ya kijiji kuvuta bomba kutoka chemchemi ya maji ya uvuguvugu. Aliwashauri waliache bomba lile wachukue maji ya chemchemi nyingine, nao wakafanya hivyo. Baada ya miaka michache watoto wadogo wakaanza kuota meno safi. Lakini ndani ya maji yale mna nini? Jibu lilikuja mwaka 1931, pale mkemia wa kampuni ya aluminiamu, H. V. Churchill, alipopima kwa chombo cha kisasa maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, akakuta floraidi. Vijana, liangalieni jambo hili vizuri: wanakijiji wa Oakley walibadili maji wakaponya watoto wao kabla mtu yeyote hajalijua jina la sumu. Walichokuwa nacho ni macho ya kuona na kumbukumbu ya bomba liliwekwa lini.

Sasa kwa nini sisi? Bonde la Ufa limejaa miamba iliyotoka katika volkano, na miamba hiyo ina floraidi nyingi. Maji yakipita humo huichukua. Mahali penye maji ya chokaa, chokaa huikamata floraidi ikatuama chini kama jiwe. Maji yetu ya magadi yana chokaa kidogo, basi floraidi hubaki ikielea, haina rangi, haina harufu, wala haina ladha. Kuchemsha hakuiondoi. Kuchemsha hupunguza maji tu, na floraidi ikazidi kuwa kali katika yale yaliyobaki.

Elimu ya jambo hili ina deni kwa watoto wa nchi hii. Mwaka 1978 wataalamu wawili kutoka Denmark, Anders Thylstrup na Ole Fejerskov, walitoa kipimo cha kuyapanga meno ya namna hii kuanzia 0, yaani jino zima, hadi 9, jino lililoharibika kabisa. Kipimo hicho kinatumiwa duniani kote. Walikitengeneza kwa kuchunguza meno ya watoto wa Tanzania waliokulia penye maji yenye floraidi miligramu 3.5, 6 na 21 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Kwa hiyo mwanafunzi wa udaktari wa meno huko ng'ambo anajifunza kwa meno ya wenzetu, na sisi hapa tulikuwa tukichapwa kwa ajili ya meno hayohayo.

Mtaniuliza, je, Serikali haikulijua? Ililijua. Mwaka 1974 kiwango cha muda cha maji ya vijijini kiliwekwa miligramu 8. Wengine hulaumu sana. Mimi silaumu haraka, kwa sababu mwenye kisima kimoja tu ukimwambia maji yake hayafai bila kumpa mengine, umemwambia afe kwa kiu. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, kisha 1.5. Ila tarakimu kwenye karatasi haisafishi kisima.

Wala si maji peke yake. Kuna vijiji nchini mwetu ambavyo maji yake yalipimwa yakakutwa na floraidi chini ya miligramu 1, na bado watoto wengi wana mabaka. Watafiti walitazama jikoni, wakayakuta magadi. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakupika maharage wala mboga bila magadi, na nani alipata kuikataa mboga yake? Magadi hulainisha maharage na kuokoa kuni. Lakini yale yanayookotwa ardhini na kandokando ya maziwa ya Bonde la Ufa yanaweza kubeba floraidi nyingi, na kipande cha leo si sawa na cha jana. Majani ya chai nayo yanayo. Ndiyo maana mtu wa kazi yangu hawezi kupima kisima akaenda zake. Hana budi kuuliza mtoto anakula nini, maharage yanapikwaje, na kuomba mkojo katika kichupa, maana sehemu kubwa ya floraidi iliyoingia mwilini hutokea huko. Waheshimiwa, nimefukuzwa katika nyumba zaidi ya moja kwa kuomba mkojo wa watu. (Kicheko.)

Wazee wa kwetu wanaielewa sumu kuliko maprofesa. Mhadzabe huchemsha utomvu wa ule mti mnene wa jangwani wenye maua kama waridi, au mbegu za strofanto, mpaka upate kuwa kama lami, akaupaka kwenye mshale. Sumu ile husimamisha moyo wa mnyama, lakini nyama huliwa, ikikatwa tu pale palipochomwa. Daktari John Kirk, aliyekuwa baadaye balozi wa Uingereza Unguja, alisafiri na Livingstone kwenye mto Zambezi akiwa amechanganya mfukoni sumu ya mishale ya jamaa ya mti huo na mswaki wake. Alipopiga mswaki aliona uchungu mdomoni, na mapigo ya moyo yakashuka. Kutokana na sumu ya namna hiyo Waingereza walipata dawa ya moyo. Kitu ni kilekile. Kipimo ndicho kilichobadilika. Na floraidi ni hivyohivyo. Kidogo hukinga jino lisioze, ndiyo maana imo katika dawa ya meno.

Basi tupige hesabu, Kidato cha Kwanza. Maji yakiwa na miligramu 4 kwa lita, na wewe unakunywa lita mbili kwa siku, umepata miligramu 8 kabla ya chai na maharage. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya mifupa huanza kuonekana ukizidi miligramu 6 hivi kwa siku, na ukifika 14 haina shaka tena. Nyinyi vijana meno yenu yamekwisha kujengwa. Maji ya hapa hayatayatia rangi. Lakini mifupa yenu ingali inakua, nayo huiweka floraidi akiba mwaka hata mwaka. Mwaka 2013 watafiti walitoa taarifa ya watoto wenye miguu iliyopinda kusini-magharibi mwa Wilaya ya Hai, kwa sababu hiyo. Mdogo wangu wa kiume alitembea hivyo maisha yake yote. Nyumbani ilisemwa kwamba ni laana ya ukoo, na kwa ajili ya laana hiyo alikosa mke mara mbili.

Dawa ya maji ipo. Mfupa wetu unaipenda floraidi, ndiyo shida yenyewe. Basi mfupa wa ng'ombe nao unaipenda. Mifupa ikichomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, ikasagwa kuwa mkaa, na maji yakapitishwa humo, floraidi hunaswa nje ya mwili badala ya ndani. Kituo cha Ngurdoto, Arusha, kimeshughulika na kazi hiyo kwa miaka mingi, na Wakatoliki wa Jimbo la Nakuru, Kenya, walianza kuifanya mwaka 1998. Mkaa huchoka, lazima ubadilishwe, na mwenye kusahau kuubadilisha anakunywa yaleyale huku akijidhania salama.

Ndugu Mwenyekiti, nimesoma taarifa ya Mweka Hazina. Tumechanga fedha kwa ajili ya lango jipya, na ramani yake ni nzuri. Naomba lango lingoje. Kisima kirefu kinachonywesha mabweni haya hakijapimwa floraidi tangu kichimbwe. Nilimwuliza Mwalimu Mkuu jana, naye hakunificha. Gharama ya kupima katika maabara ya maji ya serikali ni ndogo mno mbele ya nguzo moja ya lango. Na majibu yakiwa mabaya, fedha za lango zitatosha kuanzia chujio la jikoni.

Nimekuja na chupa sita za plastiki, kwa maana kioo hakifai kwa kazi hii. Tukimaliza chakula, namwomba yule kijana wa Yaeda Chini anipeleke kisimani, na mpishi anipatie kijiko kimoja cha magadi anayotumia. Na waalimu wa zamu, nawasihi: Ijumaa ijayo kagueni kucha tu.