Gesi Ikinuka, Usiguse Swichi

Msikilizaji, gesi ya kupikia yenyewe haina harufu. Ile harufu kama ya yai viza huongezwa makusudi, ili pua ikuonye mapema. Ukiinusa, zima jiko, funga mtungi, fungua milango na madirisha. Taa usiwashe wala usizime. Cheche ya swichi inatosha. Simu kapigie nje. Kama gesi inazidi kutoka, toeni watu wote. Kwa Tanzania, zimamoto ni 114.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi darini, inatambaa sakafuni na kujikusanya chini ya kabati. Dirisha la juu peke yake halitoshi, mlango nao uwe wazi.

Harufu ikiisha kabisa, tafuta panapovuja. Changanya maji na sabuni ya vyombo. Jiko likiwa limezimwa, fungua mtungi, kisha paka povu kwenye regulata, halafu mpira wote hadi unapoingia kwenye jiko. Tazama bila haraka: vipovu vikifura na kuongezeka, ni hapo. Kuna wanaotafuta kwa kiberiti! Hao wanacheza na roho zao.

Mara nyingi mkosaji ni mpira uliopasuka karibu na klipu. Ubadilishe, selotepu haizuii gesi. Klipu iliyolegea ikaze kwa bisibisi. Valvu ya mtungi usiichokonoe, mrudishie muuzaji mtungi wake. Kabla ya kuwasha jiko, paka povu tena.