Kiingereza cha Kazi: Kupanga Muhtasari wa Masomo

Somo letu la leo lawahusu wale wanaosema, "Nataka kujua Kiingereza." Neno hilo ni jema, lakini ni pana mno. Halimwambii mwalimu aanzie wapi.

Natutazame Mingoyo, hapo njia inapogawanyika, moja kwenda Mtwara na nyingine kupanda Masasi. Katika darasa la jioni mahali kama hapo mwaweza kukuta watu watatu. Mmoja ni fundi wa kuchomelea vyuma, naye anatafuta kazi katika shughuli za gesi. Wa pili ni karani wa ghala la korosho. Wa tatu ataka kuwatembeza wageni katika magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Wote wamelipa ada ileile. Je, wasomeshwe kitabu kimoja?

Sivyo. Fundi lazima asome onyo lililobandikwa kwenye mtungi na aelewe amri ya msimamizi mara moja, kwani asipoelewa ataungua. Karani ahitaji tarakimu, uzito na tarehe, na hayo huandikwa zaidi kuliko kusemwa. Mtembeza wageni ndiye wa kuzungumza: nani alijenga, lini, kwa nini mji ulianguka.

Kwa hiyo muhtasari wa masomo hauanzi kitabuni. Mwalimu aende kwanza ghalani na karakanani, akae, asikilize. Nani anasema na nani? Kwa mdomo au kwa karatasi? Akisha kusikia, mtu atakiwa afanye nini? Majibu hayo ndiyo yachague maneno.

Mabaharia wametuonyesha njia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Uingereza, watu wa bahari na wataalamu wa lugha walikaa pamoja wakatengeneza Kiingereza kifupi cha redio za melini. Mwaka 2001 shirika la kimataifa la mambo ya bahari lilipitisha mafungu ya maneno sanifu kwa kazi hiyo. Msemaji aweza kutaja kwanza aina ya neno lake: swali, onyo, ombi, agizo. Namba husomwa tarakimu mojamoja. 150 ni moja, tano, sifuri. Tena kuna neno "may", lenye maana mbili: laomba ruhusa, na pia lasema "huenda". Nahodha akilisikia gizani, hajui kama mwenzake aomba njia au anabahatisha tu. Wameshauri lisitumiwe. Tazameni, basi: kupanga masomo ni pamoja na kujua la kuacha.

Wapo watakaosema hicho ni Kiingereza kilichokatwa miguu. Mimi naona kidogo kinachotumika Jumatatu chapita kingi kinacholala daftarini. Lakini hofu yao ina sehemu ya haki. Kusini hapa wazee wamesimuliwa habari za mpango wa karanga wa Nachingwea, ulioachwa mwaka 1951; kazi ilikwisha, na reli yake nayo ikafungwa baadaye. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na umeme wake ulianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004. Hiyo ni miaka 30 ya kungoja. Fundi aliyefundishwa maneno ya mtungi tu atafanya nini katika miaka ya kungoja? Basi theluthi moja ya saa za darasa iwe ya Kiingereza cha watu wote: kuandika barua, kuuliza bei, kujieleza mbele ya mwajiri.

Kabla ya somo lijalo, kila mwanafunzi aandike kwa Kiswahili mambo matano ambayo kazi yake yamtaka ayafanye kwa Kiingereza. Asiandike maneno, aandike mambo. Mwalimu akusanye karatasi na kuzipanga mafungu kwa mafungu. Wakionekana watu wawili tu wa fungu moja, wasichanganywe kwa haraka na wengine. Wapewe saa yao. Juma lijalo tutazisoma pamoja. Kwaherini.