Nchi Jirani: Daktari Hufundwa Kando ya Kitanda



Askari haijui bunduki kwa kusimuliwa habari zake. Huishika, akaifungua na kuifunga, mkufunzi akiwa kando yake. Wanafunzi wa udaktari nao hupenda kufundwa hivyo, na jirani zetu wameliona jambo hilo.

Nchini Uganda, mafunzo ya udaktari ya Makerere yalianza mwaka 1924 pale Mulago. Mwaka 2003 Makerere iliubadili mtaala wake: badala ya kutegemea mihadhara, makundi madogo ya wanafunzi hupewa tatizo la mgonjwa walichunguze wenyewe, tena hupelekwa kujifunza miongoni mwa wananchi. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kiliishika njia kama hiyo tangu miaka ya 1990.

Sababu yake ni wazi. Wengu uliovimba hujulikana kwa vidole, na moyo wenye hitilafu hujulikana kwa sikio. Kitabu hutaja tu. Mkono ndio unaojifunza.

Lakini, ndugu askari, mgonjwa si shabaha. Shabaha ikikoswa, hubandikwa nyingine. Mgonjwa akikosewa, huzikwa. Kwa hiyo aombwe ridhaa yake, na mwalimu asimame hapo hapo, asahihishe papo hapo. Nchi itakayoongeza wanafunzi wodini bila ya kuongeza walimu, itakuwa imemtwika mgonjwa gharama ya mafunzo yasiyo na mkufunzi.