Fungu la Chombo na Fungu la Jasho: Mapato Yetu Kisiwani Manda

Mada yetu leo ni mapato, na tutaizungumza tukiwa Manda, ng'ambo tu ya mji wa Lamu. Manda kuna kiwanja cha ndege, kuna mahoteli ya ufukweni, kuna wavuvi, na kuna machimbo ya mawe kule Maweni. Karibu kila aina ya mapato utaikuta pale.

Kwanza tuelewane: si kila fedha inayoingia mkononi ni mapato. Mkopo si mapato, maana utaurudisha. Aliyeuza kiwanja chake cha ufukweni naye, zile fedha asizihesabu kama mapato ya mwezi huo. Amegeuza mali ya ardhi kuwa mali ya fedha, basi. Akizila mpaka zikaisha, hana ardhi na hana fedha. Viwanja vingi vya Manda vimeuzwa namna hiyo, na jambo hili linaniuma, kwa sababu waliouza wengi waliambiwa tu kwamba wamepata. Mapato ni kile unachokipata kwa kazi yako, kwa biashara yako, kwa mali yako kutumika au kwa kupewa, ukitoa gharama za kukipata, huku mali yenyewe ikibaki pale ilipokuwa.

Sasa twende baharini, maana wavuvi wetu wanalijua somo hili kuliko wanavyodhani. Tuchukue mfano. Chombo kimerudi na samaki wa shilingi 12,000. Mafuta na barafu vimekula 3,000, zimebaki 9,000. Zinagawanywa mafungu sita: wavuvi wanne kila mmoja fungu lake, chombo fungu moja, nyavu fungu moja. Kila fungu ni shilingi 1,500. Baharia aliyekwenda mikono mitupu anaondoka na 1,500, na hayo ni mapato ya jasho. Nahodha mwenye chombo na nyavu zake anaondoka na 4,500. Elfu moja na mia tano ni jasho lake. Elfu tatu ni mapato ya mali. Hata angelala nyumbani siku ile akamwachia mwingine usukani, zile elfu tatu zingemfikia.

Ila asizile zote. Mashine huchakaa, nyavu hukatika, mbao huliwa na maji. Sehemu ya fungu la chombo ni ya kukitengeneza chombo, na mwenye chombo asiyeiweka kando anakula chombo chake kidogo kidogo bila kujua. Na wale samaki wawili watatu wa kitoweo anaochukua kila mvuvi kwenda nyumbani? Hao nao ni mapato, ingawa hayakupita kwenye simu.

Maweni hali ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Wakazi wengi wa pale asili yao ni Nyanza, walifuata kazi ya kukata mawe yanayojenga nyumba za Lamu. Anayelipwa kwa idadi ya mawe aliyokata anapata ujira. Aliyekodi eneo, akaajiri wakataji, akalipa mashua ya kuvusha, yeye mapato yake ni faida: kinachobaki baada ya kuwalipa wote. Mwenye ardhi hupokea kodi ya pango. Jiwe ni moja, na limezaa mapato ya aina tatu.

Mwajiriwa wa kiwanja cha ndege au wa hoteli ana mshahara, na hapo kuna mshahara ghafi na mshahara wa mkononi. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya jamii hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, na tozo ya nyumba ni asilimia 1.5, mbali na hazina ya uzeeni na kodi ya serikali. Panga maisha yako kwa kile cha mkononi.

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, nayo huzitenganisha aina hizi. Mwenye nyumba za kupangisha watu anayekusanya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, tangu Januari 2024 hulipa asilimia 7.5 ya pango lote, bila kutoa gharama. Akiba nayo huzaa mapato, na wanaochelea riba wasidhani akiba yao haina njia ya kuzaa: tangu 2008 Kenya ina benki zinazofuata sharia ya Kiislamu, ambazo hugawana faida na mweka akiba. Kisha kuna mapato yasiyotokana na kazi wala mali: mzee aliyeandikishwa katika Inua Jamii, mpango wa serikali, mwenye miaka 70 au zaidi, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Hayo, pamoja na fedha anazotuma mtoto kutoka Mombasa au Oman, ni mapato ya kupewa.

Jambo la mwisho ni msimu. Upepo wa kusi ukivuma bahari huchafuka, na wageni nao hupungua. Anayehesabu mapato yake kwa siku nzuri za kaskazi anajidanganya. Jumlisha mwaka mzima, ugawe kwa 12; hapo ndipo utajua mapato yako ya mwezi.

Baharia asiye na chombo, mkata mawe asiye na eneo, hao wana aina moja tu ya mapato, na siku wakiugua yanasimama siku hiyo hiyo. Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa Maweni na wavuvi wa Manda: vikundi vyenu vya kuchanga vipo tayari. Mchango wa kaskazi hii usiishie kugawana fedha na kila mtu akashika njia yake. Nunueni nyavu za kikundi, muwe na fungu lenu.