Mizani ya Mtange kwa Maabara ya Shule: Tuanze na Unga Mdogo Kabisa

Mada kwa walimu wa kemia na mafundi wa maabara, Mutuini



Shule inapotaka kununua mizani, swali la kwanza huwa: inabeba kilo ngapi? Naomba swali hilo tuwaachie wenzetu wa machinjio ya Dagoretti, ambako lina maana. Sisi tunapima unga, tena kidogo. Letu ni hili: kiasi kidogo kabisa tunachopima ni kipi, na mizani itakikosea kwa kiasi gani?

Chukueni kazi tunayoijua sote. Lita moja ya myeyusho wa sodiamu kaboneti wa 0.05 M inahitaji gramu 5.3 za unga mkavu. Sentimita za ujazo 25 za myeyusho huo humalizana na 25 za asidi haidrokloriki ya 0.1 M. Mizani ya mitange mitatu iliyozoeleka shuleni hubeba gramu 610, na alama zake ndogo ni za gramu 0.1. Hata kwa jicho makini, nusu alama inaweza kupotea: gramu 0.05. Kwenye bureti, hiyo ni takribani sentimita ya ujazo 0.24, ilhali bureti yenyewe ina alama za 0.1. Tunamdai mtoto usahihi ambao sisi hatukuutia ndani ya chupa. Tena kosa hili hujificha, na ndilo linalonisumbua zaidi: usomaji wa mwanafunzi hulinganishwa na wa mwalimu aliyetumia myeyusho uleule, kwa hiyo wote wawili wanaafikiana huku wote wamekosea.

Kwa sababu hiyo napendekeza mizani ya mitange minne, inayobeba gramu 311 na kusomeka hadi gramu 0.01. Inabeba nusu tu ya ile nyingine, lakini kosa la nusu alama linashuka hadi sentimita ya ujazo 0.024 kwenye bureti. Kampuni ya Ohaus ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1907, imetengeneza aina zote mbili. Imewahi pia kutengeneza mizani ya mtange ya kupimia baruti kwa Wamarekani wanaojaza risasi zao wenyewe. Huko baruti hupimwa kwa grein, na alama ya grein 0.1 ni kama miligramu 6.5. Hapa Kenya hakuna ruhusa ya kutengeneza risasi bila leseni, lakini kanuni ya uchaguzi ni ileile: wao hutazama chembe ya mwisho ya unga, si mzigo mkubwa.

Mtaniuliza kuhusu mizani ya betri, ambayo ni rahisi na ya haraka. Ni chombo kizuri, ila kinahisi mvuto wa dunia. Iliyorekebishwa London na kutumiwa Nairobi bila kurekebishwa upya itasoma gramu 100 kama gramu 99.6 hivi, kwa sababu tuko karibu na ikweta na juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Mtange hulinganisha uzani na uzani, na mvuto unazivuta pande zote mbili sawasawa. Tena hauna betri ya kuisha, kazi inaendelea.

Dukani, msinunue kwa kutazama rangi. Sawazisheni miguu, rudisheni vipimo vyote kwenye sifuri, kisha uacheni ulimi wa mizani utulie. Sumaku iliyo mwishoni mwa mtange hupunguza kuyumba bila kugusa chochote; mtange ukisimama ghafla, kuna kinachokwaruza. Kisha toeni karatasi ya kawaida ya A4, ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Karatasi nzima ina takribani gramu 5. Kipande cha sentimita 1 kwa 1.25 ni kama miligramu 10. Kiwekeni kwenye kitanga: ulimi usiposogea, makali ya kisu kinachobeba mtange yamelika au yana uchafu, na alama za 0.01 zilizochorwa pale hazina kazi. Rudieni kitanga kikiwa na mzigo wa gramu 200, maana mizani mbovu huficha uvivu wake ikiwa tupu.

Angalizo moja kuhusu mawe ya kutundika mwishoni mwa mtange. Lililoandikwa gramu 1000 lenyewe ni jepesi kuliko hivyo, kwa kuwa linafanya kazi kwa nguvu ya wenzo. Msilitumie kuhakiki mizani nyingine, wala msiliazime kwa mizani ya aina tofauti.

Nunueni pia jiwe la kuhakikia. La gramu 100 la daraja la M1 linaruhusiwa kukosea miligramu 5 tu, na hilo linatosha kwetu. Shirika la viwango la Kenya, KEBS, lina maabara ya vipimo pale South C. Mizani ya muuza nyama hukaguliwa na kupigwa muhuri na maofisa wa vipimo na mizani. Ya maabara yetu haina wa kuikagua isipokuwa sisi.

Vumbi jekundu la huku kwetu ndilo adui mkubwa. Msitie mafuta kwenye kisu, yatalinasa. Funikeni mizani, na msimwage sodiamu haidroksidi moja kwa moja kwenye kitanga: inanyonya unyevu na kula metali kama alumini. Tumieni kioo cha saa, na kipimeni kwanza kikiwa kitupu.