Kiduha na Mmea Unaokishinda
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Sikukuu ya Miaka Kumi ya Chama Kikuu)



Wenzangu wamekwisha kueleza habari za mauzo na maghala. Mimi naomba kusema juu ya adui asiyeandikwa katika vitabu vya hesabu, ingawa kila mwaka hutupunguzia magunia: kiduha, ambacho Wajaluo hukiita kayongo.

Wengi wetu twakijua kwa ua lake la zambarau. Lakini ua lionekanapo, hasara imekwisha kuingia. Kiduha ni kimelea. Mizizi yake hushika mizizi ya mahindi au mtama na kuinyonya kingali chini ya udongo. Mche mmoja huweza kutoa mbegu zaidi ya 50,000, ndogo kama vumbi, nazo huweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10. Mizizi ya mahindi hutoa utomvu ambao huziamsha. Basi kila tupandapo mahindi peke yake, sisi wenyewe tunamwamsha mwizi na kumwandalia chakula.

Katika miaka ya 1990, wataalamu wa ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria nchini Kenya, pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walipanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi ili kufukuza nondo ambao funza wao hutoboa mabua. Wakaona jambo wasilolitazamia: kiduha nacho kilipungua. Uchunguzi ulionyesha kwamba mizizi ya desmodiamu hutoa vitu vya namna mbili. Kimoja huamsha mbegu ya kiduha. Kingine huzuia mzizi wake usikue na kushika mahindi. Mbegu iliyokwisha kuamka hailali tena. Ikikosa pa kunyonya, hufa. Hivyo akiba ya adui ardhini hupungua msimu hata msimu.

Tena desmodiamu ni jamii ya kunde. Hurutubisha udongo, na ng'ombe huila. Kuzunguka shamba hupandwa mabingobingo, ambayo huwavuta wale nondo watoke katika mahindi.

Lakini nisiwadanganye. Mbegu yake ni ndogo, huchanganywa na mchanga mkavu na kupandwa juu juu. Huota polepole, na msimu wa kwanza yataka palizi ya uangalifu, isije ikang'olewa pamoja na magugu. Akina mama huuliza, "Maharage tutayapanda wapi?" Jibu ni kwamba hupandwa katika mstari ule ule wa mahindi. Na mtu akiilima na kuizika baada ya msimu mmoja, amelipa gharama na kuiacha faida.

Hapa ndipo ushirika unapohitajiwa. Mbegu za kiduha husafiri kwa upepo, maji, samadi, majembe na mbegu za kuazimana. Shamba moja lililoachwa huweza kuambukiza majirani wote. Mbegu za desmodiamu nazo ni ghali kwa mtu mmoja. Naomba Chama kiziagize kwa pamoja, na kila mwanachama ambaye shamba lake limekwisha kustawi ampe jirani vipande vya mashina akapande.

Miaka kumi tumejifunza kuuza pamoja. Na tujifunze sasa kupalilia pamoja.